Kwa nini kompyuta hujisasisha usiku kucha, halafu asubuhi inarudi ilikotoka?

Umeiacha kompyuta ikijisasisha, ukaenda kulala. Alfajiri unakuta vidoti vinazunguka kwenye skrini, na maandishi yanasema kazi haikukamilika, mabadiliko yanatenguliwa. Ukiingia, kila kitu kipo kama jana. Kilichopungua ni bando tu. Hapo wengi humpigia fundi, naye jibu analo mfukoni: "Tupige Windows upya." Mara nyingi hakuna haja.

Windows haiwezi kubadilisha faili ambalo liko kazini. Hukunji mkeka watu wakiwa wameukalia. Kwa hiyo kazi inagawanywa. Kompyuta ikiwa imewaka, inapakua vifurushi, inavihakiki, kisha inapanga mafaili mapya pembeni, kwenye folda iitwayo WinSxS, huku ya zamani yakiendelea kutumika. Ndipo inapoomba kuwashwa upya. Kabla programu zako hazijaamka, inabadilisha mafaili yote kwa mpigo mmoja, kwa sharti la yote au hakuna. Likigoma faili moja kati ya maelfu, yote yanarudishwa yalipokuwa, kwa sababu mfumo ulio nusu mpya na nusu wa zamani unaweza usiwake kabisa. Kwa hiyo kule kurudi nyuma kunakotuudhi ndiko kunakofanya kompyuta iendelee kuwaka. Ukikuta inatengua, usiizime kwa nguvu hata kama ni saa nzima. Diski za zamani zinazozunguka huwa na mwendo wa kinyonga.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya Marekani. Ndiyo maana malalamiko mengi huanza Jumatano asubuhi.

Sasa, kabla ya kumpigia fundi, fungua Settings, ingia Windows Update, kisha Update history. Pale kwenye sasisho lililoshindwa pana namba ndefu, tuseme 0x80070070. Watu huiruka kama hirizi, kumbe inasomeka. Ile 8007 ya mwanzo inakwambia tu kwamba kosa limetoka kwenye orodha ya kawaida ya makosa ya Windows. Tarakimu nne za mwisho ndizo zenye habari, nazo zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita badala ya kumi. Chukua 70: saba mara kumi na sita ni 112. Kwenye orodha hiyo, kosa namba 112 ni diski kujaa. Basi. Ikiishia 0005, kuna kitu kimekatazwa kuguswa, na mara nyingi anayekataza ni programu ya kuzuia virusi. Ikiishia 0002, faili linalotakiwa halikuonekana.

Diski kujaa ndiko ninakokutana nako zaidi. Kompyuta ya nyumbani kwetu ina diski ya GB 128, na nusu yake ni video za harusi ambazo hakuna anayekubali zifutwe. Windows za tangu 2019, zikija na mashine mpya, hujitengea takriban GB 7 kwa ajili ya masasisho, lakini ukiijaza diski mpaka pomoni hata hizo hazitoshi.

Kuna namba nyingine, 0x80072F8F, ambayo huwapata sana wenye kompyuta za mtumba. Hii inahusu mawasiliano salama na seva, yaani kompyuta ya Microsoft inayotoa masasisho, na mara nyingi chanzo ni saa. Ile betri ndogo kama shilingi iliyo kwenye ubao mama, CR2032, ikifa, kila ukichomoa waya wa umeme tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya seva vinaonekana havijaanza hata kutumika, na kompyuta inakataa kuzungumza nayo. Badilisha betri, rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Kama kifurushi kiliharibika njiani, labda umeme ulikatika au bando likaisha, simamisha huduma ya sasisho kwa kuandika net stop wuauserv kwenye dirisha la amri ulilofungua kama msimamizi. Futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, kisha uiwashe kwa net start wuauserv. Itapakua upya, kwa hiyo andaa bando. Kama kilichoharibika ni mafaili ya Windows yenyewe, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja muda mrefu. Nenda kapike chai.

Lakini usiiamini namba kupita kiasi. Tarehe 9 Januari 2024 lilitoka sasisho la Windows 10 lililoitwa KB5034441, la kuziba tundu lililoweza kumsaidia mwizi wa kompyuta kukwepa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski ili asiye na ufunguo asisome kilichomo. Kwenye kompyuta nyingi liligoma na kuonyesha 0x80070643. Ukiigeuza 0643 kwa hesabu ile ile unapata 1603, yaani usakinishaji umeshindwa, jambo ambalo mwenye kompyuta alikuwa ameshaliona kwa macho yake. Watu walifuta folda, wakaendesha DISM, wengine wakapiga Windows upya. Tatizo lilikuwa kwingine: ile sehemu ndogo ya diski inayotunza zana za kuokoa mfumo ilihitaji nafasi tupu ya MB 250, na kwa wengi haikuwapo. Hata yule mwenye GB 300 tupu kwenye C alikataliwa, kwa sababu hiyo ni sehemu nyingine kabisa. Microsoft ilikiri kwamba ujumbe ulikuwa na makosa, ikatoa maelekezo ya kupanua sehemu hiyo kwa mkono.

Na mtu ambaye kompyuta yake haikuwa na sehemu hiyo kabisa? Sasisho lile halikumhusu, ingawa lilikuwa likimjia na kugoma vilevile.