Daftari la Muda: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Kuandika matumizi ya muda ni kujipangia ratiba.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kabla hata ya kuanza. Ratiba husema siku iende vipi. Daftari la muda husema ilikwendaje. Anayechanganya viwili hivi huandika "08:00 kazini" kwa sababu ndivyo ilivyopaswa, ingawa wakati huo alikuwa bado kituoni akisubiri daladala. Wiki ikiisha ana karatasi safi isiyomweleza lolote. Andika kilichotokea, hata kama ni dakika 40 za kuangalia video kitandani. Daftari ni lako, hakuna wa kulikagua.

Dhana: Siku yangu naijua, sina haja ya kuandika.

Jipime. Kabla ya kuanza, kisia kwenye karatasi kwa wiki nzima: kazi saa ngapi, usafiri, usingizi, simu, shughuli za nyumbani. Jumlisha uone kama unafika saa 168, ambazo ndizo zilizomo katika wiki. Kisha ikunje hiyo karatasi, usiitazame hadi siku ya saba.

Watafiti wa mambo haya hukwepa swali la "kwa kawaida unafanya kazi saa ngapi?", kwa kuwa mtu hulijibu kwa jinsi anavyojiona. Utafiti wa matumizi ya muda wa Marekani unaofanywa kila mwaka tangu 2003 huuliza habari za jana tu, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri iliyofuata. Mwanasosholojia John Robinson alipolinganisha shajara za muda na makisio ya watu, alikuta kwamba waliodai saa nyingi zaidi za kazi ndio waliozidisha zaidi.

Dhana: Lazima uandike kila dakika, na hiyo ni kazi nyingine.

Andika muda wa kuanza tu. Ukibadilisha shughuli, andika mstari mpya. Kuanza kwa inayofuata ndiko kumalizika kwa iliyotangulia. Huhitaji kupiga hesabu mchana kutwa. Shajara za tafiti za Ulaya hugawa siku katika vipande vya dakika 10, kwa hiyo nawe ukikadiria kwa dakika 5 au 10 inatosha kabisa. Usisubiri usiku ndipo ukumbuke: vitu vidogo vya katikati ndivyo vinavyopotea, navyo ndivyo unavyovitafuta.

Hivi ndivyo ukurasa wa fundi cherehani unavyoweza kuonekana:

08:05 nakata gauni la kitenge
08:40 mteja, vipimo vya suruali
08:55 naendelea kukata
09:20 nimetoka kununua zipu na uzi
10:05 nashona gauni
10:50 simu ya mteja, kisha soga na jirani
11:15 nashona gauni
11:50 limekwisha, bado pasi

Muulize fundi huyu gauni linachukua muda gani, atasema saa mbili. Kukata na kushona ni dakika 140, kwa hiyo hajakosea sana. Lakini zipu na uzi vimekula 45, navyo ni vya gauni hilohilo: tayari ni dakika 185, yaani saa 3 na dakika 5. Akipanga bei ya ufundi kwa saa mbili, safari ya zipu anaifanya bure. Soga na vipimo ni dakika 40 tu, ingawa hizo ndizo ambazo angezilaumu kwanza. Dawa yake ni kununua zipu na nyuzi za wiki nzima kwa safari moja, na jirani aendelee kukaribishwa.

Dhana: Saa ni saa, andika upendavyo.

Kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, kosa hili ndilo linaloharibu madaftari mengi. Umeamka saa 11 na nusu alfajiri, ukaandika 11:30. Ukatoka nyumbani, ukatazama simu, ukanakili 07:15. Ukija kutoa, unapata saa 19 na dakika 45 za kujiandaa, wakati ukweli ni saa 1 na dakika 45. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, nakili tarakimu zake kama zilivyo, na usichanganye. Ukitaka kurudi kwenye Kiswahili: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 toa 18, kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6. Kwa hiyo 14:10 ni saa 8 na dakika 10 mchana, na 20:00 ni saa 2 usiku.

Dhana: Simu inahesabu yenyewe.

Simu huhesabu kioo kilichowaka na programu iliyofunguliwa. Haijui kama ulikuwa unajibu wateja au unaperuzi. Tumia takwimu zake kusahihisha daftari, hasa mstari wa "simu" ambao wengi huukosea.

Dhana: Kazi ni ile inayolipwa, ya nyumbani haina haja ya kuandikwa.

Hili linaumiza, na takwimu zipo. Utafiti wa matumizi ya muda wa Kenya wa 2021, uliofanywa na KNBS, shirika la takwimu la taifa la nchi hiyo, ulionyesha wanawake wakitumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo, wanaume asilimia 3.6. Ni kama saa 4 na nusu dhidi ya dakika 52. Tanzania nayo iliingiza matumizi ya muda katika tafiti za nguvukazi za 2006 na 2014. Asiyeandika kuchota maji, kupika na kufua atashangaa jioni alikochokea.

Kwa hiyo ongeza safu ya pili: "huku nikifanya nini?" Anayepika huku akimwangalia mtoto anafanya mawili. Dakika zihesabu upande wa shughuli kuu pekee, la sivyo siku itazidi saa 24; malezi yabaki yakionekana kwenye safu yake.

Dhana: Siku moja inatosha.

Andika siku saba mfululizo, gulio na siku ya ibada zikiwemo. Usichague wiki ya msiba au harusi. Anza kila siku saa 10 alfajiri, wakati wengi wamelala. Jumla ya kila siku iwe dakika 1,440. Ukipata 1,380, kuna saa moja imekuponyoka: iandike "haijulikani", usiijazie "kupumzika". Siku yenye zaidi ya saa mbili za "haijulikani" iache, urudie siku kama hiyo wiki inayofuata. Kisha fungua ile karatasi ya makisio, uiweke kando ya jumla zako, mstari kwa mstari.