Kampuni ikifilisika Marekani, pensheni ya wafanyakazi inaenda wapi?

Watu wengi wakisikia kampuni kubwa ya Marekani imefilisika wanadhani pensheni za wafanyakazi nazo zimekwenda na maji. Sio hivyo, ila pia sio kwamba kila mtu anapata chote alichoahidiwa, na wapo walioumia vibaya.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kuna pensheni ya zamani, ile mwajiri anakuahidi kiasi fulani kila mwezi mpaka unakufa, kwa kuangalia miaka uliyofanya kazi na mara nyingi mshahara wako, halafu kuna 401(k) ambayo ni akaunti yako mwenyewe unachangia na mwajiri anaongezea kidogo akijisikia. Hii ya pili haina mambo mengi, kampuni ikifa hela iliyomo ni yako na wadai hawaigusi (labda kama uliijaza hisa za kampuni hiyo hiyo, hapo pole sana). Ninayoongelea hapa ni ile ya kwanza.

Hela ya pensheni hiyo kisheria inakaa kwenye mfuko wa amana pembeni, sio kwenye akaunti ya kampuni, kwahiyo benki inayoidai kampuni haiwezi kuja kuikomba. Tatizo ni kwamba mfuko wenyewe mara nyingi haujajaa, kampuni imeahidi bilioni kumi imeweka sita, kila mwaka inasema tutajaza tutajaza, mpaka siku inaishiwa pumzi.

Desemba 1963 Studebaker, watengeneza magari, walifunga kiwanda chao cha South Bend, Indiana. Wastaafu na waliofika miaka 60 walilipwa chao chote, watu kama 4,000 wa kati ya miaka 40 na 59 wakapewa kama asilimia 15 tu ya haki yao, na walio chini ya 40 hawakuambulia kitu. Yaani mtu ana miaka 59, kazeekea kiwandani, anapewa asilimia 15! Kelele za kesi kama hiyo ndio zikaleta sheria ya kulinda pensheni za wafanyakazi, ERISA, ya 1974, na ndani yake likazaliwa shirika la serikali linaitwa PBGC. Kazi yake ni bima ya pensheni, kampuni zenye mifuko ya aina hii zinalipa ada kila mwaka kwa kila kichwa, mfuko ukianguka PBGC inaubeba, na kwa mifuko ya mwajiri mmoja hela hiyo haitoki kwenye kodi.

Sasa, kufilisika peke yake hakuui mfuko. Kampuni inaweza kuingia mahakama ya ufilisi ikatoka na mfuko wake uko hai. Ili iuache lazima imridhishe jaji kwamba haiwezi kulipa madeni na kuendelea na biashara mfuko ukiwepo, au PBGC yenyewe inaamua kuufunga kabla shimo halijawa kubwa zaidi. Ukishafungwa, miaka unayofanya kazi baada ya hapo haihesabiki tena, aliyekwishastaafu malipo yake yanaendelea ila sasa yanatoka PBGC, na PBGC nayo inaenda kupanga foleni na wadai wengine kudai lile pengo.

Kinachouma ni makato. Bima ina kikomo, kwa mifuko iliyofungwa 2025 ni kama dola 7,431 kwa mwezi kwa mtu anayeanza kuchukua akiwa na miaka 65. Wengi pensheni zao ziko chini ya hapo, hawaguswi. Ila ukianza mapema kikomo kinashuka, na hapo ndipo marubani wa shirika la ndege la United walipoumia 2005. Wakati huo kikomo cha miaka 65 kilikuwa dola 45,614 kwa mwaka, lakini sheria ya usafiri wa anga ilikuwa inawalazimisha kuacha kurusha ndege za abiria wakiwa na 60, na kwa umri huo kikomo kilikuwa kama dola 29,650 tu! Sheria inakulazimisha uache kazi, halafu bima inakukata kwa kuwa umeacha mapema, mimi hapa sioni haki kabisa. Pengo la mifuko ya United lilikuwa kama dola bilioni 9.8, PBGC ikabeba kama 6.6, zilizobaki ni maumivu ya wafanyakazi. Kuna nafuu kidogo kwa aliyestaafu, au aliyekuwa anaweza kustaafu, miaka mitatu au zaidi kabla ya mfuko kufungwa, huyo anaweza kupata zaidi ya kikomo kama mfuko una hela.

Kingine, nyongeza iliyowekwa ndani ya miaka mitano ya mwisho hailindwi yote, kwa kawaida ni asilimia 20 kwa kila mwaka uliopita. Mliongezewa dola 200 kwa mwezi, mfuko ukafungwa baada ya miaka mitatu kamili, inayolindwa ni 120.

Na bima ya matibabu ya wastaafu PBGC haihusiki nayo kabisa. Wastaafu wa kampuni ya chuma ya Bethlehem Steel pensheni zao zilibebwa na PBGC, lakini matibabu yalifutwa 2003, na kwa mzee mwenye dawa za kila siku hiyo inaweza kuwa pesa nyingi kuliko makato ya pensheni.

Kwahiyo ndugu zetu mlioko huko mkafanya kazi kwenye kampuni yenye pensheni ya aina hii, kila mwaka inakuja barua inayosema mfuko umejaa asilimia ngapi, msiitupe. Ikiwa hela ya mfuko inatosha kulipa ahadi zote, kampuni ikitaka kuufunga inawanunulia malipo yenu ya kila mwezi kwenye kampuni ya bima au inawapa chenu kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu, na PBGC haiji kukata kitu.