Wakala wa ajira hakutafutii wewe kazi

Haipiti wiki bila mtu anayetafuta kazi kunijia na uchungu uleule: wakala alimpigia kwa bashasha, akachukua CV yake, akamwahidi usaili, kisha kimya. "Amenitelekeza," wananiambia. Uchungu huo ni wa haki, ila chanzo chake ni dhana moja ambayo nimechoka kuisikia.

Dhana: Wakala ananiwakilisha mimi.

Ukweli: Mteja wa wakala ni mwajiri. Mwajiri ndiye anayelipa, na kwa nafasi nyingi za kawaida hulipa pale tu mtu aliyeletwa anapoanza kazi. Ada huhesabiwa kwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya 15 na 25. Akichukuliwa mtu wa wakala mwingine, au mwajiri akighairi kuajiri, kazi yote aliyoifanya wakala wako inakwenda bure. Hata ukipata nafasi, mikataba mingi ina kipindi cha dhamana, aghalabu miezi mitatu: ukiondoka kabla hakijaisha, anarudisha fedha au anatafuta mtu mwingine bila malipo.

Ukishajua hivyo, vituko vyao vinaeleweka. Asubuhi anakuhimiza utume CV kabla ya saa sita kwa sababu nafasi hiyohiyo wanayo mawakala wengine, na anayemfikisha mtu kwanza ndiye anayeweza kudai ada. Baadaye hapokei simu kwa sababu mwajiri ameshachagua mwingine, na kukujulisha hakumwingizii chochote. Simtetei. Mtu aliyejiandaa akakaa kwenye usaili anastahili jibu, hata la mstari mmoja, na wakala asiyelitoa hana adabu ya kazi. Lakini kimya chake si hukumu juu yako. Kinachoniumiza ni kuona mtu mwenye ujuzi mzuri anasimamisha maombi mengine yote akingoja simu ya wakala aliyekwisha kuifunga nafasi hiyo. Tarehe mliyoahidiana ikipita kwa siku tatu, andika ujumbe mmoja wa kuulizia. Usipojibiwa, ihesabu nafasi hiyo imekwenda, uendelee na nyingine.

Kuna na hili la mshahara. Wengi hudhani kwa kuwa ada ni asilimia, wakala atakupigania upate kikubwa zaidi. Piga hesabu: ada ikiwa asilimia 20, kila 100 unayoongezewa kwenye mshahara wa mwaka inampa yeye 20. Ukibishana hadi mwajiri akakukataa, anakosa ada nzima. Ndiyo maana anakuharakisha ukubali. Kwa hiyo kiwango chako cha chini kabisa usimtajie, na kiwango unachokitaka kiseme wewe mwenyewe, kwa maandishi.

Katika simu ya kwanza uliza: mwajiri ni nani, nafasi hii umekabidhiwa naye rasmi, bajeti ya mshahara ni kiasi gani, na uamuzi utatoka lini? Wakati mwingine hawezi kutaja jina la mwajiri kabla hamjaelewana, na hilo linavumilika. Akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo manne, hana nafasi mkononi. Anakusanya CV tu. Usimpe.

Dhana: Kompyuta ndiyo iliyonikataa.

Ukweli: Mara nyingi ni binadamu aliyepitisha macho haraka. Mifumo ya kupokea maombi hupanga na kutafuta, na huweza kukuchuja yenyewe ukijibu "hapana" kwenye swali la lazima, kama leseni au kibali cha kazi. Acheni kujaza CV maneno ya siri kwa wino mweupe ili kuuhadaa mfumo. Yanaonekana, na yanawaaibisha.

Dhana: Mawakala wengi kwa nafasi moja, bahati nyingi.

Ukweli: Jina lako likimfikia mwajiri kupitia mawakala wawili, anaona ugomvi wa nani alipwe, na wapo wanaokuacha ili kuukwepa. Andika kila mahali CV yako ilipopelekwa, na nani, na lini. Mwambie kila wakala asiipeleke popote bila kukuuliza.

Dhana: Ada ya usajili ni utaratibu wa kawaida.

Ukweli: Hapana! Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7 unasema mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama yoyote, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mamlaka ya nchi inaweza kuruhusu tofauti na kanuni hiyo kwa makundi fulani ya wafanyakazi na kwa aina maalumu za huduma tu. Ufafanuzi ambao shirika hilo liliuchapisha mwaka 2019 unaingiza humo gharama za vipimo vya afya, majaribio ya ujuzi, mafunzo, safari na makaratasi, pale zinapohusiana na kuajiriwa kwako. Si kila nchi imeuridhia mkataba, na sheria zinatofautiana, kwa hiyo iulize ofisi ya kazi ya serikali kabla hujatoa hata senti. Na ukidaiwa fedha ya "kukuhifadhia nafasi" kabla hata ya usaili, usilipe. Tunza ujumbe wote mlioandikiana na mtu huyo, kisha upeleke kwenye ofisi hiyohiyo.