Alama 0.901 zilivyoyeyuka Rio: Uchimura, Verniaiev na kifaa cha sita

Vijana ninaowafundisha jimnastiki wana swali moja ambalo haliwaishi. Wengi wao walianzia kwenye sarakasi, kupanda mabegani mwa wenzao na kupiga misamasoti kwenye mchanga, kwa hiyo wana jicho la kuona ugumu wa kitu. Wanaangalia kwenye simu kipande cha video cha dakika mbili kutoka Olimpiki ya Rio 2016. Oleg Verniaiev wa Ukraine anaongoza kwa karibu pointi nzima, kimebaki kifaa kimoja, kisha ubao unabadilika na jina la Kohei Uchimura wa Japani linapanda juu. Wananigeukia: "Kocha, huyu si aliibiwa?"

Hakuibiwa. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu, kwa hiyo leo nimeamua kuiandika hesabu yote. Fainali ile nimeirudia mara nyingi, kalamu mkononi, nikijitolea alama zangu mwenyewe kabla ya kusikia za majaji, na kila nikiirudia naona imejaa mafunzo ambayo video ya dakika mbili haiwezi kuyabeba.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Agosti 2016. Fainali ya mchezaji mmoja mmoja kwa vifaa vyote huingia watu 24 waliofanya vizuri siku ya mchujo, na nchi moja haipitishi zaidi ya wawili. Kila mmoja anapita vifaa sita: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, pau sambamba na upau wa juu. Alama za vifaa vyote sita zinajumlishwa, basi. Hakuna kifaa chenye uzito kuliko kingine, na hakuna anayesamehewa kifaa kibaya. Na fainali inaanzia sifuri, hata kama uliongoza mchujo.

Huo mchujo wenyewe ulikuwa tarehe 6, na siku hiyo Uchimura alianguka kutoka upau wa juu. Shikeni jambo hilo, nitalirudia. Siku mbili baadaye aliisaidia Japani kuchukua dhahabu ya timu. Kwa hiyo alipoingia uwanjani Jumatano alikuwa na umri wa miaka 27, na ndani ya siku tano alikuwa anaanza kupita vifaa vyote sita kwa mara ya tatu. Wanaofundisha mchezo huu wanajua vifaa sita vinavyoifanya mikono. Ngozi ya viganja inachanika, viwiko vinauma, na kifaa cha mwisho ni upau wa juu, ambao hauna kazi nyingine ila kukuning'iniza kwa hivyo hivyo viganja.

Sasa alama. Tangu mwaka 2006 hakuna tena ile kumi kamili ambayo wazee wetu waliizoea. Kila onyesho lina alama mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya ugumu: majaji wawili wanahesabu ulichofanya, kila kipengele kina thamani yake, na jumla haina dari. Mwaka 2016 vilihesabiwa vipengele kumi, kile cha kushukia kikiwemo. Alama ya pili ni ya utekelezaji. Hii inaanzia 10 na inakatwa tu, haiongezwi. Kosa dogo 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1.0. Ukisimama kwa mikono juu ya upau na mwili ukapinda kidogo kutoka wima, unakatwa. Magoti yakilegea, unakatwa. Ukitua na mguu mmoja ukasogea kidogo, 0.1. Ukipiga hatua kubwa, 0.3.

Mwaka ule majaji watano ndio waliokuwa wakikata. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, tatu zinazobaki zinatafutiwa wastani. Ndiyo maana alama za Rio huishia na 33, 66 au 00: ni theluthi zilizokatwa mkia baada ya tarakimu ya tatu. Tutafika huko, kwa sababu mkia huo una kisa chake.

Uchimura na Verniaiev walikuwa kundi moja, wakianzia sakafuni. Uchimura 15.766, Verniaiev 15.033. Hapo Mjapani ametangulia kwa 0.733, na kama uliangalia alivyokuwa anatua hukushangaa. Wakahamia farasi wa vishikio, kifaa ambacho mimi nakiona kigumu kuliko vyote kwa sababu hakina mahali pa kupumzikia: miguu inazunguka, mikono inabadilishana, ukipoteza mdundo umekwisha. Verniaiev 15.533, Uchimura 14.900. Pengo likabaki 0.100.

Kwenye pete Verniaiev akapita, 15.300 kwa 14.733. Pete zinadai nguvu tupu. Mkao wa msalaba, mikono imenyooshwa pande zote, lazima utulie sekunde mbili ndipo uhesabiwe kamili. Uchimura hakuwahi kuwa mtu wa pete. Hapo alikuwa anapunguza hasara tu. Kwenye meza ya kurukia wakakaribiana mno, Uchimura 15.566, Verniaiev 15.500. Halafu pau sambamba, nyumbani kwa Verniaiev. Alipata 16.100, na Uchimura naye 15.600 ambayo kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa ya kusherehekea.

Ubao ukasema Verniaiev 77.466, Uchimura 76.565. Tofauti 0.901. Hapo ndipo video ya vijana wangu inapoanzia, na hapo ndipo macho yanapodanganywa.

Ubao unajumlisha yaliyopita, hauonyeshi yaliyobaki. Verniaiev alikuwa ameshatumia vifaa vyake vyote vya nguvu. Farasi, pete na pau sambamba vilikuwa vimempa karibu 1.7 juu ya mwenzake, na vyote vimekwisha. Kilichobaki ni kifaa ambacho yeye alikuwa wa kawaida na Uchimura alikuwa miongoni mwa bora duniani. Programu ya Uchimura ya upau ilikuwa na ugumu wa juu waziwazi kuliko ya Verniaiev. Maana yake, sehemu ya ile 0.901 ilikuwa imeshalipwa kabla mtu hajapaka chaki. Kocha aliyekaa pembeni na karatasi zenye alama za ugumu za kila mmoja alijua kwamba ngoma bado mbichi kabisa. Mtazamaji wa nyumbani hakuwa na karatasi hiyo.

Uchimura alipanda kabla ya Verniaiev. Upau uko mita 2.8 kutoka sakafuni, na kipengele kinachotia hofu ni kuuachia, kuruka juu yake, kujipindua na kujizungusha angani, kisha kuudaka tena. Siku ya mchujo ndipo alipoanguka, na kuanguka kungine kungemgharimu 1.0 nzima pamoja na thamani ya kipengele chenyewe. Mtu mwenye woga angepunguza. Angeondoa mruko mmoja, akabaki na kitu salama, akaomba mwenzake akosee. Yeye aliingia na programu yake nzito, akaachia na kudaka, akaachia na kudaka. Kisha akashuka kwa misamasoti miwili ya mwili ulionyooka yenye mizunguko miwili, na miguu ikaganda kwenye godoro. Vijana wangu huita hivyo, "kuganda", na sijaona neno bora zaidi. Hakuna kidole kilichosogea. 15.800.

Jumla 92.365. Verniaiev, wa mwisho kupanda usiku ule, akawa anahitaji 14.900.

Alifanya onyesho safi, lisilo na janga lolote. Alipotua akasogea kidogo. Majaji wakampa 14.800, jumla 92.266. Tofauti 0.099.

Rudi kwenye ule mkia. Uchimura alikuwa na alama tatu zilizokatwa mkia, 15.766, 14.733 na 15.566. Verniaiev alikuwa nazo mbili, 15.033 na 15.533. Ukirudisha theluthi zote mahali pake, tofauti yao halisi ni 0.1 kamili, kiasi cha kosa dogo moja, endapo majaji wote watatu waliohesabiwa wameliona. Jaji mmoja tu akikata 0.1 zaidi, wastani unashuka kwa 0.033, na hiyo isingetosha kubadilisha rangi ya medali. Wazo la kwamba kuna mtu mmoja mezani aliyeamua dhahabu halisimami kihesabu.

Na liko la ajabu zaidi. Kama Verniaiev angepata 14.900, jumla yake ingekuwa 92.366, na angekuwa bingwa wa Olimpiki kwa 0.001. Hiyo 0.001 isingetoka kwenye mwili wa mtu yeyote. Ingetokana na mikia iliyokatwa, kwa sababu kwa theluthi kamili wangelingana sawasawa. Nilipoligundua hili niliweka kalamu chini nikakaa kimya kidogo.

Baada ya mashindano, kwenye mkutano na waandishi wa habari, Uchimura aliulizwa kama anahisi majaji wanampendelea. Aliyemtetea kwa nguvu ni Verniaiev mwenyewe, mtu aliyekuwa ameikosa dhahabu saa hiyo hiyo, akasema swali hilo halina maana na alama zilikuwa za haki. Hapo ningependa kila kijana wangu aangalie video nzima badala ya kipande. Verniaiev alijua alichoacha kwenye upau. Siku sita baadaye alirudi uwanja ule ule akachukua dhahabu ya pau sambamba.

Sisemi kwamba majaji hawakosei. Athens 2004 walikosea, na kosa lile ni sehemu ya sababu za mfumo huu kuwepo. Yang Tae-young wa Korea Kusini alipangiwa thamani ya kuanzia, yaani alama ya juu kabisa ambayo onyesho lake lingeweza kupata kwenye mfumo wa zamani, ya 9.9 kwenye pau sambamba badala ya 10. Akaishia na shaba nyuma ya Paul Hamm wa Marekani na Kim Dae-eun, na pengo kati ya Hamm na Kim lilikuwa 0.012 tu. Majaji walisimamishwa kazi, kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, matokeo yakabaki yalivyo. Kwa hiyo mimi sichukii swali la "aliibiwa?" Nachukia kuliuliza bila kufungua karatasi ya alama. Athens ukiifungua unaliona kosa. Rio ukiifungua huoni kosa, unaona watu wawili waliotofautiana vifaa vya nguvu, mmoja wao ratiba ikimwekea cha kwake mwishoni.

Tokyo pia watu walilalamika, mwaka 2021. Xiao Ruoteng wa China alimaliza nyuma ya Daiki Hashimoto wa Japani kwa 0.400. Kwenye upau wa juu alikatwa 0.3 kwa kutowasalimu majaji alipomaliza. Inauma, lakini kanuni imeandikwa: unaanza kwa salamu na unamaliza kwa salamu. Na hata angerudishiwa 0.3 ile yote, Hashimoto bado angekuwa mbele. Ni hesabu ya mstari mmoja, lakini nimekutana na watu wengi waliokasirika bila kuifanya.

Kwa vijana wangu wa sarakasi ugumu wa somo hili ni kwamba wao wamezoea mruko mmoja mkubwa unaowainua watu vitini. Fainali ya vifaa vyote haina mruko huo. Mwaka 2024 kule Paris, Zhang Boheng wa China alianguka sakafuni, kifaa chake cha kwanza, akatumia vifaa vitano vilivyobaki kulifukuzia deni lile, na akaishia 0.233 nyuma ya Shinnosuke Oka wa Japani. Ninapowapanga mazoezini sasa, nawalazimisha kila Ijumaa kupita vifaa vyote tulivyonavyo bila kurudia hata kimoja, na ninaandika kila kutua: kaganda, kasogea, kapiga hatua. Mwanzoni walinung'unika. Siku hizi wanakimbilia daftari kabla hata hawajanywa maji.

Juzi mmoja wao aliniuliza Uchimura aliishia wapi. Nikamwambia: mabega yalimchosha, akaacha vifaa vitano, akaenda Tokyo na kimoja tu, ule ule upau wa juu. Siku ya mchujo, mbele ya viti vitupu vya wakati wa korona, mkono ukamponyoka akaanguka, hakufika fainali. Kijana akanyamaza, kisha akauliza kama alipanda tena kumalizia. Ndiyo, nikamwambia, alipanda akamalizia.