Je, wajua kwa nini gari la fowili, linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, hutetemeka mbele, na namna ya kumjua mkorofi kabla ya kununua kipuri?

Tuseme gari limetoka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwenye vijia vya mawe vya uwandani halikulalamika, lakini baada ya Kitogani, lami inaponyooka na mshale kugusa 75, usukani unaanza kutikisika mikononi. Ukikanyaga mpaka 95 unatulia, kana kwamba hapakuwa na kitu. Dawa ya kwanza ya madereva wengi ni balansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Isipofaa, mipira mipya. Isipofaa tena, fundi anaambiwa abadilishe kila bushi na kila jointi ya mbele, na gari linarudi barabarani likitetemeka vilevile, ila mwenyewe mfukoni hana kitu.

Gharama hiyo mara nyingi inaepukika. Kila kitu kinachozunguka chini ya gari kina kasi yake, na mtetemo hubeba kasi ya kitu kilichouzaa. Ukiijua kasi hiyo, washukiwa wengi wanatoka kabla hujashika spana.

Chukua mpira wenye kipenyo cha sentimita 70. Mzingo wake ni kama mita 2.2. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 10 kwa sekunde. Propela, bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, iko mbioni zaidi, kwa sababu meno ya difu, sanduku la gia la kwenye ekseli, ndiyo yanayopunguza kasi kabla ya kufika magurudumuni. Difu ikiwa na uwiano wa 4.1, propela inazunguka mara 41 katika sekunde hiyohiyo. Tofauti hiyo mwili unaijua bila kipimo chochote. Mtetemo wa gurudumu ni mipigo unayoweza karibu kuihesabu, ukiwa mbele unashika usukani, ukiwa nyuma unashika kiti. Wa propela ni mvumo wa haraka, unaingia nyayoni kupitia sakafu, na kioo cha kutazamia nyuma kinaonyesha picha iliyofifia.

Na kwa nini utokee 75, upotee 95? Ekseli na magurudumu yake vimekaa juu ya mpira wenye upepo na chini ya springi, na mzigo wa namna hiyo una mdundo wake wa asili, ambao kwa magari mengi ni kama mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Gurudumu lenye kasoro likizunguka kwa mwendo unaokutana na mdundo huo, kila msukumo mdogo unaangukia mahali pa uliotangulia na mtikisiko unakua. Ukipita mwendo huo, misukumo haikutani tena. Kasoro bado ipo palepale; wasikudanganye wale wanaosema "ukikimbiza linapona".

Kwetu mkosaji wa kwanza wa kumtazama ni mchanga na tope. Gari lililoingia pwani maji yakiwa yamekupwa, au lililopita udongo wa Pemba wakati wa masika, hurudi na bonge limeganda ndani ya rimu, upande usioonekana. Gramu 50 tu, zikikaa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, kwa ule mwendo wa 80 huvuta kwa nguvu ya kama kilo 4, na mvuto huo unageuka upande mara 10 kila sekunde. Kwa hiyo ingiza mpira wa maji na brashi nyuma ya rimu kabla ya kwenda kulipia balansi. Hapohapo pitisha kiganja kwenye mpira wenyewe: uvimbe ubavuni, au sehemu ya uso iliyoinuka, maana yake nyuzi za ndani zimeachana, na hapo hakuna balansi itakayosaidia.

Kama rimu ni safi, rudi barabarani utafute sehemu iliyonyooka isiyo na watu. Fika mwendo wa mtetemo, kisha weka gia huru, injini ikiendelea kuwaka. Ukikatika, tatizo linahusu mzigo: krosi (viungo vya ncha za propela), jointi za ekseli, mikono inayoshikilia injini. Ukibaki, linahusu kuzunguka kwa magurudumu au propela. Ukitokea pale tu unapokanyaga breki, acha mengine yote upime diski.

Kwa wenye Land Cruiser za hab za kufunga kwa mkono, yaani vitovu vya magurudumu ya mbele unavyoviunganisha na ekseli wewe mwenyewe, kuna jaribio tamu zaidi, na nashangaa kwa nini halitumiki sana. Hab zikiwa wazi na gari likisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, propela ya mbele imelala, haizunguki. Endesha hivyo kwanza. Kisha simama, funga hab zote mbili, lakini usiingize fowili, urudie njia ileile. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha propela ya mbele bila mzigo wa injini. Mtetemo ukizaliwa hapo, mkorofi yuko kati ya hab na transifa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, na mipira yako haina kosa. Magari ya fowili ya kudumu, kama Land Rover Defender, hayana jaribio hili, kwani propela zote mbili huzunguka muda wote.

Baada ya hapo ndiyo jeki. Zuia magurudumu kwa mawe, weka stendi, kisha shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi ya gurudumu, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na kile kinacholibeba kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, tazama bolijointi, au beringi za kingpini kwa gari la ekseli nzima, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Tahadhari moja ya nyuma: kwenye Defender za zamani breki ya mkono inafunga propela, haifungi magurudumu. Ukinyanyua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ukiwa chini yake.

Gari la ekseli nzima mbele, kama Jimny, lina ugonjwa wake. Unapiga shimo au tuta kwa mwendo wa wastani, na ghafla magurudumu yote mawili ya mbele yanatikisika kushoto na kulia kwa nguvu hata usukani unataka kukuponyoka. Shimo ni kichokozi tu. Magurudumu hayo yameunganishwa na fimbo moja, na bushi ya fimbo inayoishikilia ekseli upande, kingpini au tairodi zikilegea, kila gurudumu linamtikisa mwenzake. Ikikutokea, shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo taratibu. Wengi hufunga dampa mpya ya usukani, kile kishokapu kinacholala mlalo, na kwa muda gari linatulia. Kwa maoni yangu huo ni ufichaji. Dampa inameza mtikisiko huku bushi inaendelea kulika.

Krosi za propela zinastahili jicho la karibu. Krosi inayozunguka ikiwa imekunjwa kwa pembe haipitishi mwendo sawasawa: ndani ya kila mzunguko mmoja upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili. Ndiyo maana propela ina krosi mbili, ya pili ifute kosa la kwanza, na kufutana huko kunataka uma zinazoshika krosi kwenye ncha zote mbili zilingane. Propela ikichomolewa kwenye meno yake ya kuteleza na kurudishwa imeruka jino, kosa la krosi moja halifutwi tena na nyingine, na gari lililokuwa zima linatoka gereji likivuma. Alama ya rangi kabla ya kuchomoa inatosha. Kuinua springi nako hubadilisha pembe za krosi, jambo ambalo wapenda magari marefu hulisahau.

Maji ya chumvi huua krosi kwa ndani. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka kwenye vikombe vyake, grisi imekwisha na vijiti vya beringi vinasagana vikavu. Krosi ya namna hiyo pengine haichezi kabisa. Imekaza, na iliyokaza hutetemesha sawa na iliyolegea. Ishushe propela, ikunje krosi kwa mkono pande zote: ikikwama popote, itupe. Baada ya kila safari ya pwani osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha pampu grisi mpaka ile ya zamani itoke.

Uchakavu mwingine tunaununua wenyewe kwa kuendesha na fowili kwenye lami. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tofauti hiyo huteleza ikaisha. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, na gari lisilo na difu ya katikati huisukumia kwenye krosi, jointi na meno ya transifa. Toka mchangani, toa fowili.

Imebaki difu, na vilima vya Pemba, kati ya Chake Chake na Konde, ni mahali pazuri pa kuisikiliza. Ikilia unapopanda na mafuta, kisha ikanyamaza unapoteremka umeachia, meno yanagusana vibaya upande wa mzigo. Ikilia zaidi unapoteremka, shuku beringi za pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, zimelegea. Ikiwa moto na kuingizwa baharini, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili, kwa hiyo fungua mafuta uyaone. Rangi ya maziwa ni maji. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya kifuniko ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa vidole ni meno au beringi, na gari hilo livutwe mpaka gereji.