Je, wajua kwa nini barafu nyingi haileti maji mengi kwenye kokteli?

Anayetafuta kokteli za jadi, yaani vinywaji vya pombe vilivyochanganywa, zilizotengenezwa vizuri katika jiji kubwa kwa kawaida huanza kwa kuangalia rafu ya chupa. Rafu haisemi mengi. Chupa hununuliwa na yeyote mwenye fedha, na jini (pombe kali yenye harufu ya mreteni) bora kabisa huweza kuishia kwenye Martini mbovu, kokteli ya jini na vermuti. Kinachosema ukweli wa baa ni barafu: ni kiasi gani, vipande vina ukubwa gani, ni vikavu au vinachuruzika maji, na mhudumu anaifanyia nini hiyo barafu.

Lakini barafu ina sifa mbaya. Wengi huamini kwamba glasi iliyojaa barafu ni ujanja wa baa: itayeyuka, kinywaji kitapwaya, na mteja atakuwa amelipia maji. Kwa hiyo huomba wawekewe vipande viwili vitatu tu. Ombi hilo huleta hasa kile wanachokikimbia.

Shaka hiyo ina chembe ya ukweli. Pale ambapo mhudumu humimina mpaka glasi ijae, bila kupima, barafu huchukua nafasi ya kinywaji. Kokteli ya jadi haitengenezwi hivyo. Negroni, kwa mfano, ni mililita 30 za jini, 30 za Campari (pombe nyekundu yenye uchungu) na 30 za vermuti tamu nyekundu, ambayo ni divai iliyotiwa mitishamba. Hizo mililita 90 zitaingia kwenye glasi iwe ina vipande viwili au imejaa pomoni. Ukimwona mhudumu akitumia kikombe cha kupimia, hofu ya kupunjwa haina msingi. Ukimwona akimimina kwa kukisia, hofu ni halali, ila kosa si la barafu.

Swali la maji sasa. Kushusha joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa takriban jouli 4. Gramu moja ya barafu, inapoyeyuka, humeza jouli 334. Ubaridi ambao barafu imetoka nao kwenye friza una mchango mdogo sana: gramu ile ile ikitoka nyuzi 18 chini ya sifuri hadi kufikia sifuri humeza kama jouli 38 tu. Kwa maneno mengine, kinachopoza kinywaji ni kule kuyeyuka kwenyewe. Huwezi kupata ubaridi wa barafu bila kupata na maji yake.

Ndipo hesabu inapokuwa tamu. Tuseme una gramu 90 za mchanganyiko wenye nyuzi 20 na unataka ufike nyuzi 5 chini ya sifuri. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 25, yaani kama jouli 9,000 za kuondolewa, na kuziondoa kunayeyusha gramu 27 hivi za barafu. Ni makadirio: chombo cha chuma nacho kina joto lake, barafu isiyolowa, iliyotoka kwenye friza, hupunguza maji kidogo, barafu iliyolowa huyaongeza. Ila angalia kisichomo kwenye hesabu hiyo: wingi wa barafu uliowekwa. Maji yanayoingia hupangwa na joto linalotakiwa kutoka.

Fikiria shehena ya magunia inayopaswa kuhamishwa. Ukiwapa kazi wapagazi wengi, kila mmoja hubeba kidogo, shehena huisha mapema na karibu wote wanabaki na nguvu. Ukiwapa wapagazi watatu, wataanguka mmoja baada ya mwingine kabla ya kumaliza, na huku magunia mapya yanazidi kushushwa. Barafu kidogo ndiyo wale watatu. Huyeyuka yote, kinywaji hakijapoa sawasawa, na joto la chumba na la kiganja linaendelea kuingia bila cha kulizuia. Mteja aliyekimbia maji anaishia na maji, tena ya uvuguvugu.

Na kweli kokteli hushuka chini ya sifuri, ingawa barafu yenyewe huyeyuka kwenye sifuri. Hili ni la ajabu na linapendeza kulielewa. Kwenye uso wa barafu kuna molekuli za maji zinazotoka kwenda kwenye kimiminika na nyingine zinazorudi kuganda. Alkoholi inayotapakaa humo huzipunguza zile zinazorudi. Hivyo barafu huendelea kuyeyuka hata mchanganyiko ukiwa umepita sifuri, na joto la kuyeyushia hulichota kwenye kinywaji chenyewe.

Maji hayo si uchafu uliojipenyeza. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu ya mitishamba. Maji yalikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Martini isiyo na maji ya kutosha huunguza ulimi na kuficha harufu ya jini. Yakizidi, inakuwa nyembamba. Mhudumu mzuri anajua aachie wapi, na wengi huonja tone kabla ya kumimina.

Kutikisa huvunja barafu na kuigonganisha na kimiminika kwa nguvu, kwa hiyo hupoza haraka, huongeza maji zaidi na kuingiza vipovu vya hewa. Kinywaji chenye juisi hutikisika vizuri. Chenye pombe tupu, kama Manhattan ya wiski na vermuti, hukorogwa polepole ili kibaki kizito na angavu machoni, bila ukungu.

Ukubwa wa vipande una kazi yake pale kinywaji kinaponywewa taratibu. Kipande kimoja cha mchemraba wa sentimita 5 kina eneo la uso la sentimita za mraba 150. Ukikigawa kuwa vinane vya sentimita 2.5, eneo linakuwa 300. Eneo kubwa huyeyusha haraka, ndiyo maana Old Fashioned, kokteli ya wiski na sukari, hupewa pande moja kubwa. Barafu iwe angavu kama kioo au yenye ukungu, hilo ni la macho zaidi.

Kwa kupima baa usiyoijua, agiza Daiquiri. Ni ramu, ndimu na sukari tu, hutikiswa kisha huchujwa kwenye glasi isiyo na barafu, kwa hiyo hakuna pa kufichia kosa. Ndimu iwe imekamuliwa siku hiyo hiyo, na glasi iwe imepozwa. Kama utaagiza Manhattan au Negroni, uliza kwanza vermuti inawekwa wapi. Vermuti ni divai, na chupa ikishafunguliwa huanza kuharibiwa na hewa. Mahali pake ni kwenye jokofu, nayo haikai miezi mingi. Chupa iliyofunguliwa na kusimamishwa kwenye rafu, chini ya taa, inatosha kukufanya uagize kitu kingine.