Kichwa cha mtoto kimebonyea upande? Tazama shingo kwanza

Watoto hawa huletwa kwangu wakiwa na miezi sita au saba, kofia imevutwa hadi masikioni. Mama anaivua, anasema, "Tazama kichwa hiki." Mimi natazama shingo. Kwenye mkunjo wa upande mmoja, chini ya taya, nakuta ngozi nyekundu, ina unyevunyevu na inanuka maziwa yaliyochacha. Mkunjo wa upande wa pili ni mkavu na safi. Shingo imefumba upande mmoja kwa miezi, na mama amekuwa akihangaika kuusafisha kila siku bila mtu kumweleza kwa nini haufunguki. Nikimuuliza aliona lini kwa mara ya kwanza, jibu ni lile lile: "Tangu ana mwezi mmoja. Waliniambia nisubiri."

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila wiki.

Kichwa kubonyea maana yake nini?

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga ni laini na bado haijaungana, ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa na ubongo upate nafasi ya kukua. Na hukua kwa kasi: mzunguko wa kichwa ambao ni kama sentimita 35 siku ya kuzaliwa hufika karibu 46 mtoto anapotimiza mwaka. Kichwa kikiegemea mahali pamoja siku zote, hukua kuelekea penye nafasi, na pale kilipoegemea panabaki bapa. Ubongo haubanwi. Ni umbo tu lililoharibika.

Shingo inaingiaje hapo?

Kuna msuli unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga na kidari. Kila mtu anao miwili, kulia na kushoto. Wa kulia ukiwa mfupi na umekaza, sikio la kulia huvutwa kuelekea bega la kulia, na kidevu kinageukia kushoto. Mtoto wa namna hiyo ukimlaza chali atatazama kushoto usiku na mchana, kwa hiyo kisogo cha kushoto ndicho kitakachobonyea. Hafanyi ukaidi wala hajazoea vibaya. Hawezi kugeuka.

Huwapata zaidi waliobanwa tumboni, waliotanguliza matako, waliozaliwa kwa shida, na mapacha.

Nitajuaje nikiwa nyumbani?

Mpakate, umtazame kutoka juu ya utosi. Weka ncha za vidole vyako kwenye matundu ya masikio yake. Kidole kimoja kikiwa mbele kuliko kingine, kichwa kimesukumwa. Tazama nywele za kisogoni: palipokwanguka upande mmoja tu ndipo anapolalia. Kisha mlaze chali, msogezee uso wako au kitu anachokipenda taratibu kutoka bega moja hadi la pili. Kidevu kinapaswa kufika usawa wa bega pande zote mbili. Akigeuza macho tu huku kichwa kimebaki nyuma, au akageuza mwili mzima, shingo imekaza. Na yule anayenyonya titi moja vizuri huku akiligomea la pili, kabla hujalaumu maziwa, angalia shingo.

Si itanyooka yenyewe akianza kukaa?

Hapana. Kichwa kilichobonyea kidogo, cha mtoto anayegeuza shingo vizuri pande zote, ndicho huwa na nafuu akianza kukaa na kutambaa. Watu wameona watoto hao, wakafanya kanuni ya wote. Msuli uliokaza ni jambo jingine, nao hausubiriwi.

Lakini mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo, na sasa yuko sawa.

Inawezekana, na namwombea heri. Wako bado anahitaji kuonwa. Mtoto anayeanza mazoezi ya shingo kabla ya kutimiza mwezi mmoja kwa kawaida hupona ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi. Akianza baada ya miezi sita, kazi ile ile inaweza kuchukua miezi tisa au kumi, na huyu si mchanga tena wa kulala akinyooshwa. Ana nguvu, anapiga mateke, anakataa. Ule muda wa "kusubiri tuone" mtoto analipa yeye.

Niliambiwa nirudi akifika miezi sita.

Usingoje. Narudia kwa sababu nimechoka kuwapokea waliongoja: ukiona shingo imeinamia upande mmoja, au mtoto hageuki upande mmoja, nenda wiki hiyo hiyo. Mwambie mhudumu maneno haya: "Hageuzi shingo upande huu." Ukisema "kichwa kimebonyea" tu, unaweza kurudishwa nyumbani. Mwombe pia amkague nyonga, maana shingo iliyokaza na nyonga isiyokaa sawa mara nyingine huenda pamoja.

Nimepapasa uvimbe mgumu shingoni. Ni saratani?

Uvimbe kama punje kubwa ndani ya msuli huo, unaojitokeza wiki chache baada ya kuzaliwa, kwa kawaida ni sehemu ya tatizo hili hili, nao huisha polepole ndani ya miezi. Aonwe ili ithibitishwe. Usiukande, wala usiuchome kwa kitambaa cha moto.

Ila shingo iliyopinda ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, au yenye homa, kutapika, utosi uliovimba au baada ya kuanguka, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Basi nimlaze kifudifudi ili kisogo kipumzike?

Hapana, hapana. Usingizi ni chali, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kushauri hivyo mwaka 1992, na kampeni kubwa ikafuata 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Ni kweli vichwa bapa viliongezeka baadaye. Kichwa bapa kinatibika.

Na ule mto wenye shimo katikati?

Utoe kitandani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi waziwazi wasitumie mito ya kurekebisha kichwa, kwa sababu inaweza kumziba mtoto pumzi. Tena haigusi chanzo: mto haurefushi msuli. Nguo iliyokunjwa na kusukumwa chini ya bega ili ageuke upande wa pili nayo ni hatari hiyo hiyo. Kitanda cha mtoto ni godoro gumu, shuka iliyobana, na mtoto. Basi.

Sasa nifanye nini?

Kazi kubwa hufanywa akiwa macho. Tangu siku za mwanzo mlaze kifudifudi huku unamtazama, dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza kadiri anavyozoea. Shirika la Afya Duniani linataka jumla ifike angalau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Najua mtakachosema: "Hapendi, analia." Analia kwa sababu ni kazi ngumu. Anza akiwa kifuani pako, wewe umejiegemeza nyuma; atainua kichwa kukutafuta uso. Dakika moja yenye malalamiko nayo inahesabiwa, ila usifanye hivyo akiwa ameshiba sasa hivi.

Kitandani, mtoto hutazama penye watu, mlango na mwanga. Mlaze ili vitu hivyo viwe upande asiopenda kugeukia. Ikibidi, geuza anakolaza kichwa na miguu. Mwongeleshe kutoka upande huo. Mlishe akiwa ameelekea huko, na kama anatumia chupa, badilisha mkono unaompakatia.

Kumbeba nako ni tiba. Kama msuli uliokaza ni wa kulia, mlaze kwa ubavu wa kulia juu ya mkono wako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, mkono wako ukipita kati ya sikio na bega na kuliinua sikio lile taratibu. Tembea naye hivyo nyumbani dakika chache, mara nyingi kwa siku. Wengi husinzia.

Punguza muda anaokaa kwenye kiti cha gari, bembea na viti vya kuegemea akiwa hasafiri. Namwona mtoto ametolewa kwenye gari ndani ya kiti, akaingia kliniki ndani ya kiti, akarudi ndani ya kiti, halafu naulizwa kisogo kimefanya nini.

Naweza kumnyoosha shingo mwenyewe?

Ndiyo, na ni lazima, lakini baada ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kuweka mikono yako mahali sahihi. Bega moja linashikwa lisiinuke, kichwa kinageuzwa polepole hadi kinapogoma kidogo, kinashikiliwa hapo. Kila unapobadilisha nepi, rudia. Mara chache zenye nguvu hazifai kitu. Mara nyingi za upole ndizo zinazorefusha msuli. Akikaza mwili, akabadilika rangi au pumzi, acha. Usimpeleke kwa mtu atakayezungusha shingo kwa mkupuo mpaka ilie. Wala usikikande kichwa ukidhani utakifinyanga.

Kofia ngumu ya kurekebisha kichwa je?

Ni kwa wachache waliobonyea sana, na huvaliwa karibu saa 23 kwa siku. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2014 haukuona tofauti kati ya waliovaa na wasiovaa, kwa watoto waliobonyea wastani hadi sana; waliozidi hapo hawakuhusishwa. Fedha na nguvu zako zianzie kwenye shingo.

Wangu ana miezi minane. Nimeshachelewa?

Umechelewa, ila hujakosa. Msuli bado unarefuka, na fuvu bado linakua. Itachukua muda na atalalamika. Usiongeze mwezi wa tisa juu yake: mpeleke wiki hii, na kofia muiache nyumbani.